Wembe wa Kumaliza Matanga

Watu wakiniuliza mume wangu anafanya kazi gani, huwajibu kwamba ananoa. Wanadhani natania. Lakini nimeishi na Léopold tangu Uvira, kule Kongo, na naweza kuapa kwamba katika maisha yake amenoa kuliko alivyonyoa. Kichwa cha mtu hakimchukui muda. Ni wembe wenyewe unaoweza kumlia asubuhi nzima, huku mimi nimesimama mlangoni na jembe begani nikimngoja twende shambani, hasira zimenijaa tumboni. Niseme mapema: mimi ni mtu wa hasira, yeye siye. Ndiyo maana habari hii naisimulia mimi. Angeisimulia yeye, Mihigo, utakayemkuta mbele, angetoka msafi kabisa.

Wembe wake ni ule wa zamani wa kukunja, unaoingia ndani ya mpini wake wa pembe. Aliachiwa na kinyozi mzee wa sokoni Uvira, aliyemfundisha kazi. Mwaka 1996 vita vilipotufikia, mimi nilibeba mtoto na sufuria. Léopold alibeba wembe, kinoo na mkanda wa kunolea. Godoro aliliacha. Nilimtukana kuanzia mpaka wa Burundi hadi kambini Tanzania, na miaka kadhaa baadaye tulipofika Nakivale, makazi ya wakimbizi huko Uganda, na kupewa kiwanja upande wa Juru, nilikuwa bado namtukana. Wembe ule ndio uliotulisha mpaka maharage yetu ya kwanza yakakomaa. Hilo halikunifanya nilisahau godoro.

Ukitaka kumjua mume wangu, mtazame akinoa. Mkanda wake ulikuwa na vipande viwili vilivyofungwa kwenye pete moja, akivitundika ukutani na kuvivuta kwa mkono wa kushoto. Kipande kimoja kilipakwa dawa ya kijani, ile inayouzwa kama donge gumu la sabuni, ambayo wang'arisha vyuma huitumia. Dawa hiyo hula chuma, lakini kidogo sana, na huondoa vile vijino vidogo vya makali ambavyo macho hayavioni. Kipande cha pili kilikuwa ngozi tupu ya ng'ombe. Hicho hakikupakwa kitu chochote isipokuwa jasho la kiganja chake. Wembe hupita kwenye dawa kwanza, unafutwa, ndipo unakuja kwenye ngozi tupu kumalizia. Mgongo hutangulia, makali hufuata, na ukifika mwisho unageuzwa juu ya mgongo wake. Ukiugeuza juu ya makali, umeharibu kazi yote na ngozi umeikata.

Watoto wetu walikatazwa kuigusa ngozi ile hata kwa kidole. Chembe ya mchanga ikishaingia ndani yake haitoki tena. Unavuta wembe ukidhani unautengeneza, kumbe kila ukivuta unaukwaruza, na atakayejua ni yule uliyemshika kichwa. Léopold, mtu asiyempigia mtoto kelele, alimchapa kifungua mimba wetu kwa jambo hilo tu. Hakuwahi kumchapa kwa jambo jingine.

Kwa muda fulani alifanya kazi mjini Mbarara, upande wa Kamukuzi, akinyoa ndevu za watu wa maofisini. Saluni ilikuwa ya Rwakabuba, mwenyeji wa pale, mtu wa kicheko na kelele. Siku moja Léopold alitoka kununua spiriti ya kusafishia wembe, akarudi na kumkuta Rwakabuba amepiga magoti sakafuni, anakata kapeti ya plastiki kwa wembe wa watu.

"Muzee, hii kisu yako nakata muzuri sana!" Rwakabuba akamwambia, akicheka. "Angalia!"

Léopold aliuchukua wembe, akaufuta, akaukunja, akatungua mkanda wake ukutani na kurudi Juru siku ile ile. Mimi nilikuja kuambiwa kisa chenyewe na mtu mwingine kabisa. Nilivaa viatu nikitaka kwenda Mbarara kumpasulia Rwakabuba masikio, Léopold akanishika mkono.

"Acha, Constance. Chuma kitarudi sawa."

Na kweli kilirudi, baada ya kukaa nacho kwenye kinoo mpaka nikachoka kumtazama. Huyo ndiye mume wangu. Akiudhiwa, ananoa.

Sasa nije kwa Grâce.

Grâce alikuwa jirani yetu, mke wa Patient. Mwaka 2009 Patient alishikwa na homa, akafa, akamwachia mke watoto wadogo, nyumba ya udongo na shamba la maharage zuri kuliko mashamba yote upande wetu. Ukoo wa Patient ulikuwa na mila yake ya matanga, waliyotoka nayo kwenye kilima chao huko Kivu. Sisi tuliotoka kwingine tulikuwa tunaisikia tu. Mjane hanyoi nywele, hashiki jembe, haendi sokoni. Anahamia kwa ndugu wa marehemu na kukaa humo mpaka siku ya kumaliza matanga. Siku hiyo ananyolewa kichwa mbele ya ukoo, kisha kinapitishwa kitambaa cheupe juu ya kichwa chake. Kitambaa kikitoka safi, marehemu amemwachilia. Anarudi kwake na watoto wake na shamba lake. Kikitoka na damu, hata tone, basi marehemu amekataa. Mjane anabaki chini ya ndugu wa mume mpaka mavuno mengine, na huyo ndugu ndiye anayeamua juu ya kila kitu chake, yeye mwenyewe akiwemo.

Mila gani hii? Nilisema hivyo wakati ule na nasema hivyo leo. Mwanamke amefiwa, analia, na kesho yake yote mnaiweka kwenye ncha ya wembe! Tena watu hawa ni watu wa kanisani, wanaimba kwaya. Nilipomwuliza Shangazi Orpa, dada yake mkubwa wa Patient, ambaye sote tulimwita shangazi kama watoto walivyomwita, alinijibu kwamba hata yeye alinyolewa hivyo, na hakufa. Nilikaribia kumtukana, ila alikuwa mzee.

Ndugu wa marehemu alikuwa Mihigo, mdogo wake Patient. Alikuwa fundi wa gereji Mbarara, akija nyumbani kwake Juru na pikipiki kila mwisho wa juma. Alikuwa na mke tayari. Lakini tangu Grâce ahamie uani kwake, Mihigo alianza kuja hata katikati ya juma, ananukia sabuni, na alishaanza kuwaonyesha watu mpaka wa shamba la maharage akisema "langu". Nilikuwa nikimwona anapita, mate yananichacha mdomoni.

Siku chache kabla ya kunyolewa, Grâce alitukuta kisimani. Alisogea karibu na Léopold akijifanya anapanga madumu yake.

"Kaka Léopold, nakuomba kintu kimoja tu. Usinikate."

"Sitakukata," Léopold akasema.

"Nyuma ya kichwa niko na makovu, ya wakati wa kukimbia. Ile fasi ngozi inainukaka. Mihigo anaijua."

"Na yeye anasema nini?" nikamwuliza mimi.

Grâce aliangalia chini. "Anasema damu itatoka tu. Anasema nitazoea nyumba yake."

Niliweka dumu langu chini kwa kishindo, maji yakamwagika. Léopold alirudia tu, taratibu, kwamba hatamkata. Nyumbani akaushusha wembe na kuanza kazi. Aliutia kinoo, akaupitisha kwenye dawa, akaupitisha kwenye ngozi, akaujaribu kwenye vinyweleo vya mkono, akarudia. Alipomaliza, alichomoa unywele mmoja kichwani mwangu bila kuniomba ruhusa, akaushika ukining'inia, akaugusa kwa wembe. Unywele ukakatika wenyewe. Hapo nikaanza kupumua.

Sikujua kwamba mila yao ilikuwa na kipande kingine. Siku moja kabla ya kunyoa, jioni mapema, wembe na mkanda hupelekwa nyumbani kwa ndugu wa marehemu, vilale huko, ili marehemu avione. Asubuhi ndugu huyo anavikabidhi kwa kinyozi mbele ya watu. Mihigo alikuja mwenyewe kuvichukua. Alivipokea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa kwa heshima, utadhani mzee wa kanisa anapokea sadaka.

"Unampa kweli?" nikamwuliza Léopold alipoondoka.

"Ni mila yao. Nikikataa, hakuna kunyoa."

"Atauvunja!"

"Akiuvunja, kila mutu ataona kama ni yeye. Mihigo si mujinga."

Hapo alisema kweli. Mihigo hakuwa mjinga.

Asubuhi yake watu walijaa uani kwa Mihigo. Mimi nilikuwa na wanawake wengine jikoni, kwenye banda la nyuma, nasonga ugali, na sufuria kubwa la maharage lilikuwa motoni pale karibu na ua. Grâce aliketishwa kwenye kigoda katikati, nywele zimemtimka, macho mekundu. Mihigo akatoa wembe na mkanda, vimefungwa kwenye kitambaa, akavikabidhi. Léopold akautundika mkanda kwenye nguzo, akaufungua wembe, akaujaribu mkononi.

Nilimwona akisita. Aliugusa mkanda kwa kidole gumba, ile ngozi tupu, akakileta kidole puani. Kisha akakunja wembe, akawaambia watu anahitaji maji ya moto, akaja jikoni akitembea polepole. Alinionyesha kidole. Kilikuwa na utandu wa kijivu, unakwaruza, unanuka grisi.

"Ni dawa ya valvu," akaninong'oneza. "Ya gereji."

Kama huijui, ni ile dawa nzito ya kijivu ambayo mafundi husagia valvu za injini, imejaa chembe ngumu kuliko mchanga. Mihigo alikuwa ameisugua ndani ya ngozi vizuri, akaifuta juu isionekane. Kisha akauvuta wembe juu yake. Ukiutazama unauona mzima kabisa, unang'aa. Ungeugusisha kwenye kovu la Grâce, ungelipasua.

Nilishika mwiko nikitaka kutoka nao. Wallahi ningempiga nao mdomoni mbele ya dada yake. Léopold alisimama mlangoni, akaniziba njia.

"Ukisema, watasema wembe imeharibika, basi hakuna kunyoa leo. Grâce anabakia hapa mpaka mavuno. Ile njo kitu Mihigo anataka."

Nilikuwa sijaliona hilo. Damu ikitoka, Mihigo ameshinda. Kinyozi akilalamika, Mihigo ameshinda vilevile. Aliyepanga jambo kama hili alikuwa analala nyumba moja na Grâce, anakula mezani na watoto wa kaka yake. Nilimchukia kiasi kwamba mikono iliniuma.

"Nenda nyumbani," Léopold akasema. "Lete kinoo na dawa ya kijani. Usikimbie."

Sikukimbia. Nilitembea hadi nje ya ua, halafu nikakimbia. Nilirudi na kinoo ndani ya beseni, nimekifunika kwa majani ya maboga, nikawapita watu wote nikiwasalimia.

Léopold aliinama nyuma ya banda. Alikilowesha kinoo, akauvuta wembe upande huu na upande ule, mkono wake mwepesi kabisa, mpaka mikwaruzo ya dawa ile ikaisha. Akaufuta. Sasa alihitaji pa kupaka dawa ya kijani, maana mkanda ulikuwa uani, machoni pa watu. Akatazama huku na huku, akaunyakua mwiko wangu wa ugali, ule mpana, akauosha, akaukausha kwa shati lake, akasugua donge la kijani kwenye mgongo wa mwiko. Ubao ulikuwa umelainika kwa miaka ya kusonga. Akauvuta wembe juu yake, mgongo mbele, makali nyuma. Kule uani watu walianza kuguna. Mihigo akauliza kwa sauti kama kinyozi amekimbia. Watu wakacheka, na mimi nikajibu kwa sauti kwamba maji bado hayajachemka.

Ilibaki ngozi. Ngozi yenyewe ilikuwa pale kwenye nguzo, imejaa uchafu wa Mihigo. Léopold aliosha mikono, akaifuta, akatoka kwenda uani. Alisimama nyuma ya Grâce, akakinyoosha kiganja chake cha kushoto, akaanza kuupitisha wembe juu ya nyama ya kiganja, kwenda na kurudi, akiugeuza juu ya mgongo wake. Nilimtazama Mihigo. Alikuwa ameacha kutabasamu.

Léopold akauchovya wembe kwenye spiriti, akalowesha kichwa cha Grâce kwa maji ya moto na sabuni, akaanza kunyoa kutoka utosini. Nywele ziliteremka mabegani mwake kwa mafungu. Alipofika nyuma, kwenye makovu, alivuta ngozi kwa kidole mpaka ikalala, akapita na wembe kwa vipande vidogo sana, akisimama, akipita tena. Mimi nilikuwa nimeuma upindo wa kitenge changu. Grâce alikuwa amefumba macho na midomo yake ilikuwa ikienda, sijui aliomba au alilaani. Ningekuwa yeye, ningelaani.

Léopold akarudi nyuma hatua moja. Mihigo akachukua kitambaa cheupe, maana hiyo ni kazi ya ndugu wa marehemu, akakipitisha juu ya kichwa cha Grâce. Alikandamiza. Kila mtu aliona anakandamiza. Akarudia nyuma, kwenye makovu, akisugua kana kwamba anafuta meza. Shangazi Orpa akamnyang'anya kitambaa, akakigeuza pande zote mbili juani. Kilikuwa cheupe.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga. Nilikuwa bado na hasira, na nilitaka kumwona mume wangu, walau mara moja katika maisha yake, akifanya jambo.

"Sasa ndugu," Shangazi Orpa akasema, na kumwonyesha Mihigo kigoda. Kumbe ndivyo inavyokwisha: mjane akishaachiliwa, ndugu wa marehemu naye ananyolewa kwa wembe ule ule, naye aondoe msiba kichwani. Mihigo akakaa, amenuna.

Léopold akausafisha wembe kwa spiriti. Kisha akauendea mkanda pale kwenye nguzo, akaivuta ile ngozi tupu ikakaza, akaupitisha wembe wake juu yake. Wembe wa Uvira! Nilisikia unavyokwaruza, ule mlio mdogo mkavu, naye akaendelea, kwenda na kurudi, huku akimtazama Mihigo usoni. Kwa watu wengine alikuwa kinyozi tu anayenoa wembe wake kwenye mkanda wake. Hakuwa amemwambia mtu yeyote isipokuwa mimi.

Akaja na wembe wazi mkononi, akamshika Mihigo kichwa.

"Ile ngozi hapana!" Mihigo akapiga kelele, akainuka hata kigoda kikaanguka.

"Ngozi iko na nini?" Léopold akamwuliza.

"Pitisha kwa mukono yako! Sawa vile ulifanya kwa Grâce!"

"Nauliza, ngozi iko na nini?"

Watu wakamtazama Mihigo, wakautazama mkanda. Shangazi Orpa akauendea, akapapasa ngozi kwa vidole, akavitazama vidole, akamtazama Mihigo, mdogo wake wa tumbo moja, na mimi nikaona uso wake ukikunjamana kwa aibu.

"Mihigo," akasema, akiuonyesha mkanda. "Ulilala na hii mukaba mu nyumba yako."

"Shangazi ya batoto, mi sijue…"

"Basi ikala, unyolewe."

Hakukaa. Alisimama pale, mafuta ya gereji bado yamo kwenye kucha zake, jasho linamtiririka, na kigoda kimelala kati yake na Léopold. Shangazi Orpa akangoja. Kisha akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Hataki kunyolewa. Basi matanga inabakia kwake. Grâce, chukua batoto bako uende kwako."

Léopold alitungua mkanda. Nilidhani ataukunja aende nao nyumbani, kama alivyofanya kule Mbarara. Badala yake akauendea moto, akautumbukiza mkanda wote chini ya sufuria la maharage, pete na kila kitu, akausukuma ndani kwa mguu.

"Mwizi!" akapiga kelele. Alikuwa anamwambia Mihigo, lakini alikuwa anautazama moto. "Mwizi! Mwizi!"

Katika miaka yote ile sikuwahi kuisikia sauti yake ikipanda hivyo. Moshi wa ngozi ulijaa ua mzima, ukanuka vibaya, wageni wakaanza kukohoa na kuondoka mmoja mmoja, sahani zao tupu. Maharage yaliingiwa na harufu ile, hakuna aliyeyataka. Grâce alikuja jikoni, kichwa kinang'aa, akakaa chini karibu nami. Nikapakua sahani mbili, tukala.